Kuchochea, Kusisimua au Kushtua? Uhakiki wa Istilahi za Sumaku na Ubongo

Dhana ngeni iingiapo katika lugha, mara nyingi huja na majina mengi kuliko mahitaji yake. Ndivyo ilivyo kwa njia ya kitabibu ambayo kwayo koili ya waya huwekwa juu ya kichwa cha mtu, ikapitishiwa umeme mwingi kwa muda mfupi mno, ili uga sumaku wake upenye fuvu na kuziamsha seli za neva zilizo chini yake. Mtafsiri wa dhana hii huvutwa na majina manne: tiba ya sumaku, mshtuko wa sumaku, usisimuaji na uchocheaji. Yafaa tuyapime moja moja, maana jina litakalochaguliwa ndilo atakalolisoma mgonjwa katika karatasi ya ridhaa kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kulipima jina, hatuna budi kukijua kitu chenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika kipitishi kilicho karibu. Mwaka 1980, huko Uingereza, Merton na Morton waliuchochea ubongo wa binadamu kwa umeme uliopitishwa kwenye ngozi ya kichwa. Walifaulu, ila njia hiyo iliumiza. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walitumia sumaku, na misuli ya mkono ikacheza bila maumivu yale. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu chombo cha namna hiyo kitumike kutibu sonona kwa wagonjwa ambao dawa haikuwafaa.

Tuanze na “tiba ya sumaku”. Jina hili lina kasoro mbili. Kwanza, linaichanganya njia hii na bangili za sumaku ziuzwazo kwa madai ya kuponya. Sumaku ya bangili imetulia, na uga usiobadilika hauzalishi umeme katika kiungo kilichotulia. Pili, si kila achochewaye anatibiwa. Panya wa maabara hana sonona ya kuponywa kwa sababu tu amewekewa koili; anafanyiwa jaribio. Hali kadhalika mtu mzima wa afya anayejitolea kupimwa njia za neva zake. Kuliita jaribio tiba ni kumwahidi mtu kisichoahidiwa.

“Mshtuko wa sumaku” ni jina la hatari zaidi. Tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na Cerletti na Bini, hukusudia kuleta mtukutiko kama wa kifafa, na siku hizi mgonjwa hulazwa kwanza kwa nusukaputi. Katika njia tunayoizungumzia mgonjwa huketi macho, na mtukutiko ni madhara ya nadra yanayoepukwa, wala si lengo. Mgonjwa atakayesoma “mshtuko” aweza kuikataa huduma kwa kuogopa jambo ambalo halimo.

Yamebaki majina mawili yenye hoja. Kusisimua ni neno zuri, lakini limebeba tokeo ndani yake: aliyesisimuliwa amesisimka. Wataalamu, hata hivyo, wameona kwamba mapigo ya polepole, kama moja kwa sekunde, kwa kawaida huiacha sehemu ya ubongo ikiwa nzito kusisimka kuliko awali, ilhali mapigo ya haraka, matano kwa sekunde au zaidi, huelekea kuiacha nyepesi. Tukiita tendo lenyewe usisimuaji, tutajikuta tukiandika kwamba usisimuaji umepunguza msisimko, na mwanafunzi atadhani mwalimu amekosea.

Kuchochea kunataja tendo la mchochezi tu. Wapo watakaopinga kwamba neno hili lanuka fitina na mashtaka. Pingamizi hilo lina uzito kwa “uchochezi”, si kwa “uchocheaji”. Kiambishi -aji hutaja utendaji wenyewe bila kuuhukumu. Basi tugawe kazi: chombo huchochea, ubongo husisimka au husita kusisimka. Istilahi kamili iwe “uchocheaji sumaku wa ubongo kupitia fuvu”, na ikishatajwa mara moja ifupishwe kuwa “uchocheaji sumaku”. Maneno “kupitia fuvu” yasiachwe mwanzoni, kwani neva za mkono nazo huweza kuchochewa kwa sumaku.

Limebaki onyo kwa watafsiri wa taarifa za wanyama. Koili iliyotengenezwa kwa ajili ya kichwa cha binadamu huweza kumfunika panya kichwa chote. Kwa binadamu, koili yenye umbo la tarakimu nane huchochea eneo dogo la tabaka la juu. Kwa panya, koili ileile huenda ikachochea karibu ubongo mzima. Tena panya wengi hupewa nusukaputi, nayo hubadili mwitikio wa neva. Kwa hiyo haitoshi kuandika “ubongo ulichochewa”. Iandikwe ni sehemu ipi, kwa koili ya ukubwa gani, na mnyama alikuwa macho au amelala. Pasipo hayo, msomaji ataihamisha habari ya panya hadi kwa mgonjwa, na kosa litakuwa la kalamu yetu, si la sayansi.