Sairy Gamp: Mtumbwi wa Kilo 5 Ulivyoundwa

Kufikia mwaka 1883, fundi J. Henry Rushton wa Canton, jimbo la New York, alikuwa amemkabidhi mteja wake mtumbwi wa mbao wenye urefu wa meta 2.7, upana wa sentimeta 66 na uzito usiofika kilo 5. Mteja huyo, George Washington Sears, aliyeandika katika jarida la Forest and Stream kwa jina la Nessmuk, aliuita Sairy Gamp, kwa jina la muuguzi wa riwaya ya Charles Dickens, Martin Chuzzlewit. Kisha akauingiza kwenye maziwa na mito ya milima ya Adirondack, akapiga kafi peke yake safari ya maili 266, yaani kilometa 428 hivi. Alikuwa na umri wa miaka 61, na kifua kilikuwa kikimsumbua.

Wanaousifu mtumbwi huu mara nyingi huishia kwenye mizani. Lakini uzito ule ulitokana na maamuzi mengi yaliyoshikana: uamuzi mmoja ukiutoa, yaliyobaki hayasimami. Kwa hiyo inafaa kuufungua kipande kwa kipande.

Tuanze na nchi yenyewe. Adirondack ina maziwa mengi yanayokaribiana, ila kati ya ziwa na ziwa mara nyingi kuna njia ya msituni ambako chombo hubebwa begani. Wasafiri wenye fedha waliajiri waongozaji wenye mashua za makasia za kilo 30 hivi. Mwongozaji ndiye aliyevuta makasia, na ndiye aliyebeba. Sears alikuwa fundi viatu. Hakuwa na fedha ya kumlipa mtu kila siku, na wasomaji aliowaandikia walikuwa watu wa hali kama yake. Alitaka chombo ambacho mtu mdogo na mgonjwa angeweza kukinyanyua mwenyewe.

Hapo hesabu ya kubeba inakuwa muhimu kuliko hesabu ya kupiga kafi. Njia ya nchi kavu ikiwa ya kilometa 1 na mzigo ukabebeka wote kwa mara moja, unatembea kilometa 1. Ukilazimika kuugawa mara mbili, unakwenda, unarudi, unakwenda tena: kilometa 3. Kilo chache za ziada zinatosha kumvusha msafiri kutoka hesabu ya kwanza hadi ya pili, na mwisho wa siku miguu inaijua tofauti hiyo. Sears aliandika kwamba mzigo wake wote, mtumbwi ukiwamo, pamoja na nguo za akiba, mfuko wa kulalia, chakula cha siku mbili, shoka dogo na fimbo ya kuvulia, haukuzidi ratili 26, karibu kilo 12. Mtumbwi mwepesi unaojazwa vyombo vya kilo 30 umekwisha kupoteza kazi yake, na jambo hili wanunuzi wa mitumbwi ya leo wanalisahau mno.

Sasa tuingie karakanani. Mtumbwi wa kuchongwa katika gogo la mwembe, kama ule wa pwani yetu, hupata ugumu wake kwa unene. Ukichongwa mwembamba mno hupasuka kufuata nyuzi za mti. Rushton alifuata njia nyingine. Alitumia mbao za mwerezi mweupe, mti mwepesi usiooza upesi, na akazikata nyembamba kiasi cha milimita 5. Ugumu wa ubao dhidi ya kupinda hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu: unene ukipungua nusu, ugumu unabaki thumuni. Kwa hiyo mbao zile peke yake zingebonyea chini ya goti la mpiga kafi. Rushton akazilaza zikipishana kama magamba ya samaki, akazifunga kwa vipigilio vya shaba. Kila mahali mbao mbili zinapolaliana unene ni maradufu, na panatokea mstari mgumu unaokwenda kutoka omo hadi tezi bila kipande cha ziada kuongezwa. Kiungo kinachozuia maji ndicho hichohicho kinachobeba nguvu.

Kwa upande wa pili kuna mataruma, yaani mbavu za chombo. Fundi aliyezoea vyombo vizito angeweka mataruma machache manene. Rushton aliweka membamba mengi, yaliyokaribiana. Ubao unaosukumwa na maji hubonyea kwa kipeo cha nne cha nafasi kati ya taruma na taruma. Nafasi ikipunguzwa nusu, kubonyea kunashuka hadi sehemu moja kati ya 16. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo akili kubwa zaidi katika mtumbwi ule. Maji yenyewe hayana ukali: kwa kina cha sentimeta 10 husukuma kwa nguvu ya kilo 100 tu kwa kila meta ya mraba. Kinachoua mtumbwi mwembamba ni kisigino na jiwe. Rushton aliujenga uyahimili maji, na ulinzi dhidi ya mawe akamwachia Sears, ambaye ilimbidi aingie na kutoka kwa uangalifu chombo kikiwa kinaelea.

Twende kwenye maji. Sears alikuwa mtu mdogo, wa kilo 48 hivi. Ukijumlisha na mzigo wake, mtumbwi ulihitaji kusukuma kando lita 60 za maji. Kwa umbo lile nakadiria ulizama sentimeta 8, na kina chake katikati kilikuwa sentimeta 15. Ukingo ulibaki sentimeta 7 juu ya maji. Mtu wa kilo 80 angeuzamisha sentimeta 3 zaidi, na wimbi dogo la ziwani lingeingia. Mwili wa Sears, basi, ulikuwa kipimo cha ujenzi sawa na ubao.

Hakukuwa na kiti. Aliketi chini kabisa, na uzito wake wa chini uliupa utulivu mtumbwi ambao upana wake peke yake usingetosha. Kafi lilikuwa la pande mbili, la asili ya kayaki, ambalo Mskoti John MacGregor alikuwa amelieneza miongoni mwa wasafiri tangu 1865 kwa mtumbwi wake Rob Roy, uliokuwa na uzito wa kilo 36. Chombo kifupi hupinda upesi kikipigwa upande mmoja. Kafi la pande mbili husawazisha kila pigo kwa pigo linalofuata. Hasara iko kwenye kasi. Urefu wa meta 2.7 hauruhusu zaidi ya noti 4 hivi bila nguvu nyingi kupotea kwenye wimbi la chombo chenyewe. Kwa mwendo wa polepole, hata hivyo, eneo dogo linalogusa maji linamaanisha msuguano mdogo, na Sears hakuwa akishindana na mtu.

Rushton na Sears hawakufika kwenye uzito ule kwa mruko mmoja. Mtumbwi wa kwanza, wa 1880, ulikuwa na kilo 8 hivi. Uliofuata kilo 7. Kila safari ilikuwa jaribio, na kila jaribio lilionyesha kulikuwa na nguvu isiyotumika.

Mwaka 1965 Stephanie Kwolek, mwanakemia wa kampuni ya DuPont, aligundua nyuzi zilizokuja kuitwa Kevlar, na leo mtumbwi mdogo wa mtu mmoja uliofumwa kwa nyuzi hizo au kwa kaboni unaweza kuwa na kilo 5 hadi 8. Kemia yote hiyo imetufikisha pale Rushton alipofika kwa mwerezi, ingawa nyuzi mpya zinastahimili kisigino na jiwe.

Sairy Gamp wenyewe ni mali ya taasisi ya makumbusho ya Smithsonian. Lakini wajenzi wa nyumbani wanaopenda safari nyepesi mara nyingi huchagua mtumbwi mwingine wa Rushton, Wee Lassie, wenye urefu wa meta 3.2 na uzito wa kilo 9 hivi, wakiunganisha vipande vyembamba vya mwerezi na kuvifunika kwa kitambaa cha fibaglasi na gundi ya epoksi. Uamuzi huo ni sahihi: ni wachache wenye kilo 48, na sentimeta za ukingo juu ya maji hazina mjadala.