Tazama Mboni Kwanza

Kwenye kicheni pati moja ya juzi, picha kubwa ya bibi harusi mtarajiwa ilisimamishwa mlangoni na kila aliyepita akaisifia. Aliyeipiga alikuwa pembeni akijitapa kwamba studio yake nzima haijafika bei ya jozi ya viatu: taa ya pete, shuka, foili ya jikoni. Wakampongeza kwa ubunifu. Hakuna aliyeona kwamba binti wa watu amepigwa akiwa na pete mbili nyeupe machoni na ngozi yake nzuri imegeuka majivu.

Sina ugomvi na vitu rahisi. Seydou Keïta alipofungua studio yake Bamako mwaka 1948, pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa tandiko la kitandani kwake, na taa yake kuu ilikuwa jua la uani. Leo picha hizo zinatundikwa kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ugomvi wangu ni na watu wanaosifia ujanja wa kifaa kabla hawajautazama uso.

Basi anza na mboni. Ndani ya jicho kuna picha ya pili, ndogo, ya chombo kilichomulika. Asiyejua huangalia gauni, pozi, na kama pazia limepigwa pasi. Wewe kuza picha mpaka jicho lijae kwenye skrini. Dirisha huacha mraba, na ukitulia utaziona hadi nondo zake. Mwavuli mweupe huacha duara lenye vyuma vyake. Balbu tupu huacha nukta ndogo kali, na hapo huna haja ya kuendelea: kivuli cha pua kitakuwa kimekatwa kwa wembe na paji la uso linameremeta mafuta. Nukta ikae saa nne au saa nane. Ikishuka saa kumi na mbili, taa ilikuwa chini, na umempa mtu sura ya jini. Iwe moja kwa kila jicho. Ya pili naivumilia ikiwa hafifu, ya reflekta. Tatu ni duka la simu.

Mzee aliyenifundisha kazi Kariakoo hakuwahi kumiliki softiboksi. Alikuwa na mlango wazi wenye pazia jeupe, na ubao ule mweupe mwepesi unaokinga friji jipya ndani ya boksi lake. "Mama, tazama mlangoni," alisema, kisha kimya. Anausogeza ubao nusu hatua, anarudi kwenye kamera, anausogeza tena, hasemi kitu. Wateja walidhani amesahau kupiga. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kusubiri kulikuwa sehemu ya kazi. Nikiziona picha za zamani za Capital Art Studio, ile ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930, naona watu walioketishwa wakatulizwa. Siku hizi unapigwa mia, unaambiwa uchague.

Matapeli nao wameshajua kwamba jicho linatazamwa. Wanachora nukta kwenye kompyuta. Mmoja aliniletea picha ya familia nzima, kila mtu na nukta yake safi saa nne, upande wa kushoto, na vivuli vya pua vyote vimelala kushoto vilevile. Nilimuuliza taa ilikuwa wapi. Akanionyesha leseni yake ya biashara.

Hayo mengine ni mepesi. Shuka likiwa hatua moja kutoka usoni hulainisha. Ukilipeleka upande wa pili wa chumba, umerudi kwenye balbu. Liwe jeupe tupu, maana ukuta wa kijani utampaka mteja kijani. Foili ikunjwe, ikunjuliwe, ndipo igandishwe kwenye kadibodi. Hata hivyo kwa ngozi nyeusi foili ni kosa, ubao mweupe ndio sahihi, na sibishani. Vitabu vya Ulaya vinaamuru dirisha la kaskazini. Jaribu Dar es Salaam mwezi Juni uone: jua linapita kaskazini na kuingia chumbani mzimamzima. Juni geukia dirisha la kusini, Desemba la kaskazini.

Ile rangi ya majivu ilitoka kwenye taa. LED nyingi za bei ya chini zina upungufu wa wekundu, na huwezi kuuongeza baadaye bila midomo kuwa ya mdoli. Kabla ya kulipa, weka kiganja chini ya balbu, kisha kipeleke mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Kikipoteza damu dukani, iache. Halafu ielekezee balbu simu yako. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo balbu mbovu hufifia mara 100 kwa sekunde, nawe utaona mistari ikitambaa kwenye skrini. Shata ya 1/50 au 1/100 kwa kawaida huiondoa. Isipoondoka, kaifunge balbu hiyo stoo.