Deni la Msimulizi: Tamati ya Msimu wa Tatu wa "Star Trek: The Next Generation"

Wapo miongoni mwa wahakiki wetu ambao bado huona haya kuitaja televisheni katika ukurasa mmoja na riwaya au utenzi. Haya hiyo haina msingi. Mtambaji anayekatiza ngano usiku ili hadhira irudi kesho, na mtayarishaji anayekatiza mchezo wa televisheni ili mtazamaji arudi baada ya likizo, wote wawili hutumia mbinu moja, nayo ni taharuki. Msomaji wa Alfu Lela U Lela anaifahamu vyema, kwani Shahrazad aliokoka kwa sababu alfajiri ilimkuta hadithi haijaisha. Lakini mfalme yule alingoja mchana mmoja tu. Watazamaji wa Marekani tunaowazungumzia hapa walingoja siku 98.

Tarehe 18 Juni 1990 ilionyeshwa sehemu ya kwanza ya "The Best of Both Worlds", kipindi cha 26 na cha mwisho katika msimu wa tatu wa Star Trek: The Next Generation. Sehemu ya pili ilionyeshwa tarehe 24 Septemba. Kiini cha kisa ni chepesi kusimulia. Waborg, viumbe nusu nyama nusu mashine ambao wote hufikiri kwa akili moja, wanaielekea Dunia. Wanamteka Jean-Luc Picard, nahodha wa merikebu ya angani Enterprise, wanamvisha vyuma, wanampa jina la Locutus na kumfanya msemaji wao. Naibu wake, William Riker, anaamuru silaha ya tumaini la mwisho ifyatuliwe, hali akijua kwamba itamwua yule aliyemlea katika kazi. Neno la amri linapotoka, pazia linaanguka.

Ili kupima uzito wa tamati hiyo, haina budi kukumbuka iliyoitangulia. Msimu wa pili ulimalizika mwaka 1989 kwa "Shades of Gray", kipindi ambacho sehemu yake kubwa ni vipande vya vipindi vya zamani vilivyounganishwa ili kupunguza gharama. Huo ulikuwa uporo uliotiwa moto, na mtazamaji hakuhitaji shahada ya fasihi kuutambua.

Michael Piller, aliyeandika sehemu zote mbili, alieleza baadaye kwamba alipokuwa akiandika ya kwanza hakujua ataimalizaje hadithi. Alikuwa hata hajaamua kama atabaki kazini msimu uliofuata. Wengine huona jambo hili kuwa ni udanganyifu: msimulizi ameuza kitendawili asichokuwa na jibu lake. Mimi siafikiani nao. Shaka ya mwandishi imo ndani ya maandishi na imeyanufaisha, kwani Riker naye anapewa merikebu yake mwenyewe na hawezi kuamua aende au abaki. Shelby, ofisa kijana mwenye tamaa ya cheo, anamweleza waziwazi kwamba anamzibia njia. Kwa hiyo tamati ile iliacha maswali mawili. La kwanza ni la tukio: je, Picard atakufa? La pili ni la nafsi: mtu huyu aliyezoea kusimama nyuma ya mkubwa wake atakuwa nani akiondolewa kivuli hicho?

Sehemu ya pili inalijibu swali la kwanza kwa uaminifu usio wa kawaida. Silaha inafyatuliwa na haidhuru kitu, kwa kuwa Waborg wamekwisha kuyanyonya maarifa ya Picard na kujikinga. Yaani lile tulilolihofia kwa majira mazima ya joto halikuwa janga lenyewe. Janga ni kwamba nahodha amegeuzwa ufunguo wa kuwaangamiza watu wake. Kisha zinafuata merikebu 39 zilizoteketea katika vita vya Wolf 359, ambavyo havionyeshwi. Tunaonyeshwa mabaki tu, yakielea kimya. Nadhani fedha zilikuwa haba, lakini uhaba huo ulizaa picha yenye nguvu kuliko mizinga yoyote.

Utatuzi wenyewe ndio uliozusha ubishi. Picard anaporudishwa, Data, yule roboti mwenye umbo la binadamu, anaunganishwa naye na kupitia kwake anawaamuru Waborg walale. Wanalala, na merikebu yao inalipuka. Wako waliosema kwamba adui wa kutisha namna hiyo hastahili kushindwa kwa bembelezi. Lakini tangu Waborg walipoingizwa mwaka 1989, nguvu yao imeelezwa kuwa ni ule umoja wa akili. Aliye na mlango wa mmoja ana mlango wa wote. Utatuzi huo umetoka katika msuko wenyewe, haukudondoshwa kutoka mbinguni. Kasoro yake ni haraka. Na swali la pili, la Riker, linapita hivi hivi: anarudi kwenye nafasi yake ya zamani bila sababu ya kutosha, kana kwamba hakuonja uongozi.

Je, mtazamaji aliridhika? Ukiishia tarehe 24 Septemba, jibu ni nusu. Malipo makubwa yalikuja wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, katika kipindi kiitwacho "Family" kilichoandikwa na Ronald D. Moore. Humo hamna vita wala adui. Picard anakwenda kijijini kwao Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu, anagombana na kaka yake Robert, wanapigana mweleka kwenye matope, wanacheka, na kicheko cha nahodha kinageuka kilio cha mtu aliyetumiwa kuua na asiweze kujizuia. Katika televisheni ya siku zile, ambapo shujaa alipona kila wiki na kusahau, kilio hiki kilikuwa jambo jipya.

Tamati za misimu mitatu iliyofuata, 1991 hadi 1993, zilikatizwa vivyo hivyo, na mbinu ikawa mazoea. Mwaka 2013 sehemu hizo mbili za 1990 ziliunganishwa zikaonyeshwa kama filamu moja katika majumba ya sinema ya Marekani. Mtazamaji wa namna hiyo hupata kisa kizima, ila zile siku 98 hazipati, na bila shaka huwa mwepesi zaidi kuusamehe usingizi wa Waborg.

Deni la Shelby ndilo lililosahauliwa kabisa. Hakurudi tena katika mfululizo ule. Alionekana mwaka 2023 katika Star Trek: Picard, miaka 33 baadaye, akiwa admirali, kwa dakika chache tu.