Nimetengenezewa Pikipiki: Uhakiki wa Sentensi Moja

Katika mikusanyo ya insha kama huu wenzangu huhakiki riwaya na tamthilia, na wachache wenye moyo hujaribu mashairi. Mimi nimechagua matini fupi kuliko zote, sentensi ya maneno manne: "Mume wangu amenitengenezea pikipiki." Nimeisema mara nyingi hapa Arua, na majirani wanaisema kwa niaba yangu. Kila inaposemwa, wasikilizaji hutabasamu na kumsifu mume. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama pikipiki yenyewe inanifaa. Nadai kwamba hilo ndilo swali la kwanza la mhakiki wa sentensi hii, kwa sababu sarufi yake inaliacha wazi.

Tulifundishwa kwamba mume ndiye kiima, pikipiki ni shamirisho kipozi, na mimi, niliyebanwa ndani ya kitenzi kwa silabi moja ya "ni", ndiye shamirisho kitondo. Kiambishi -e- kinaonyesha kauli ya kutendea. Vitabu vya shule huieleza kauli hii kwa mifano ya hisani: kumpikia mgeni, kumsomea bibi barua, kumletea mtoto maziwa. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba anayetendewa amefaidika. Lakini kauli hiyo hiyo imo katika "mvua imetunyeshea", "mwizi ameniibia simu" na "mtoto amemfia". Mwizi hakuiba kwa faida yangu. Kiambishi kinatuambia tu kwamba tendo limemfikia mtu, basi. Je, kutengenezewa ni jamaa ya kupikiwa, au ni jamaa ya kunyeshewa? Kitenzi hakijibu. Itabidi tuitazame pikipiki.

Ni Yamaha AG100, aina iliyobuniwa kwa kazi za mashambani, ndiyo maana ya herufi hizo mbili. Mashirika ya misaada na maofisa wa kilimo wameizoea. Huku West Nile magari na pikipiki za miradi zimekuwa nyingi, hasa tangu 2016 wakimbizi wa Sudan Kusini walipofunguliwa kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe, ukiacha Rhino Camp na Imvepi. Fedha za mradi zikiisha, vyombo huuzwa mnadani. Yetu ilifika nyumbani juu ya pikapu, kiti kimechanika, breki ya nyuma haipo, injini imekamata kabisa. Mume wangu aliilaza kwenye turubai chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na Jumapili za miezi mitano zikaishia hapo.

Uchaguzi wenyewe una kasoro. Mjini wanaotawala ni Bajaj Boxer, TVS na Senke, na spea zao zinapatikana kila kona. Spea ya AG lazima uitafute. Sili za krenki tulizipata ng'ambo ya mpaka, Ariwara, ambako pikipiki huitwa "moto". Mwanafunzi wa Kiswahili sanifu akisikia mtu anatafuta "sili ya moto" ataduwaa kidogo. (Mhadhiri mmoja atasema neno hilo ni Kifaransa kilichopotea njia. Mimi naona limefika salama, kwa sababu muuzaji alielewa mara moja na sili tukapewa.)

Hizo sili ndizo sifa ya kwanza ninayompa fundi wangu. Katika injini ya mipigo miwili, chumba cha krenki ndicho kinachovuta na kusukuma mchanganyiko wa hewa na petroli. Sili ikivuja, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko huwa mwepesi, pistoni hupata joto kupita kiasi na kutoboka au kukamata. Mafundi wenye haraka hubadilisha ringi, wakasikia injini ikiwaka, wakachukua pesa. Yeye alichongesha silinda, akaweka pistoni iliyozidi ya awali kwa nusu milimita, kisha akafungua injini nzima kwa ajili ya vipande viwili vya mpira ambavyo mpita njia hatavitazama. Bomba la moshi alilikwangua masizi mpaka ndani. Kazi hii haionekani na haisifiwi, na ndiyo iliyo bora kuliko zote alizozifanya.

Kazi inayosifiwa ni rangi. Ameipaka nyekundu ya kung'aa, akabandika stika ya mwali wa moto kwenye tangi. Sikuulizwa. Kila kijana anayepita huisifu, na kila anayeisifu humpa mkono mume wangu. Nikiisoma kama mhakiki, rangi ile inazungumza na wanaume wa gerejini.

Kuna sehemu moja ambayo gereji hiyo hiyo ilishauri itolewe. AG100 hutoka kiwandani na cheni iliyofunikwa pande zote kwa boksi la chuma, ili tope na mchanga visiile. Walisema boksi linaifanya ionekane ya kizee, na cheni iliyo wazi ni rahisi kuipaka oili. Hoja hizo ni za mtu mwenye suruali. Mwanamke wa hapa anayepanda pikipiki amevaa kitenge, na kila mmoja wetu amewahi kuonywa akishike vizuri kisije kikanaswa na cheni au spoki. Boksi lile lililindwa dhidi ya tope la wakulima, kumbe linalinda nguo yangu. Alilinyoosha kwa nyundo na kulirudisha. Hapo kiambishi -e- kilifanya kazi yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni kiini. Injini ya Boxer ina oili inayokaa ndani yake. Ya mipigo miwili haina: oili huingia pamoja na petroli, hulainisha, huungua, hutoka kama moshi. Unaweza kuichanganya kwa mkono kabla ya kujaza tangi, kwa mfano mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Au unaweza kuiachia pampu ambayo Yamaha waliijenga ndani na kuiita Autolube, inayovuta oili kutoka tangi lake dogo na kuigawa kadiri unavyoongeza mwendo. Mafundi wengi huiogopa pampu hiyo, kwa kuwa ikiziba au mrija wake ukiingia hewa, injini hukamata bila kukuonya. Huing'oa, huziba tundu, na kumwambia mwenye pikipiki achanganye mwenyewe.

Mume wangu alitaka kufanya hivyo, na sababu zake zilikuwa nzuri. Pampu ilikuwa kuukuu, mpya haikupatikana, na mchanganyiko wa mkono unauona kwa macho. Kwa upande wa ufundi peke yake sikuwa na la kumjibu. Lakini nilikuwa nakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo upande wa Koboko, karibu kilomita 50 kwa lami na kisha barabara ya vumbi. Huko petroli unaweza kuinunua kwenye chupa kando ya njia, na anayekuuzia hana oili ya mipigo miwili wala kipimo. Bila pampu ningelazimika kusafiri na kopo la oili na kikombe cha kupimia mkobani, pamoja na vitabu vya wanafunzi, au nijaze nyumbani tu kutoka jerikani aliyoichanganya yeye. Ningekuwa na pikipiki yenye kamba, na urefu wa kamba ni tangi moja.

Nilimwambia, "Baba watoto, hapo unajitengenezea."

Silabi ya anayetendewa imebadilika, "ni" imekuwa "ji". Hakunijibu jioni ile. Kesho yake niliikuta pampu imefunguliwa kwenye sinia la chakula (sinia langu, na harufu ya petroli haijatoka hadi leo). Aliisafisha, akabadilisha mirija, akatoa hewa, akarekebisha waya wake ulingane na wa mafuta. Matangi mawili ya kwanza aliyatia pia oili kidogo ndani ya petroli kwa tahadhari, huku tukipima tangi la oili kwa kijiti kila jioni mpaka tukahakikisha kwamba inashuka. Moshi ulikuwa mwingi wiki hiyo, na kuku wa jirani walihama. Kisha akaacha kuchanganya. Tangu hapo kazi yangu ni kuangalia oili kabla sijaondoka, kama mtu anavyoangalia chumvi.

Najua wenzangu wanaotafuta jinsia katika lugha watasema mfano wangu unathibitisha hoja yao ya siku zote: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa, mwanamume anaendesha, mwanamke anabebwa, Kiswahili kimemfungia mwanamke katika kauli ya kutendwa. Hoja hii imeandikwa katika insha nyingi mno na naiona nyepesi. Lugha iliyotupa "kuolewa" imetupa pia "kuoana", na hakuna aliyenizuia kulitumia. Mgonjwa anatibiwa, mwalimu anaheshimiwa, mfalme anabebwa. Kauli ya kutendwa haimshushi mtu kwa kuwa ni kauli ya kutendwa. "Nimetengenezewa" inaweza kuwa sentensi ya mtu aliyeketi akingoja, au ya mtu aliyesimama kando ya turubai akikataa pampu ing'olewe. Umbo ni lile lile. Uhakiki unaoishia kwenye umbo hauwezi kuzitofautisha, na hilo ndilo lalamiko langu dhidi ya namna tunavyofundishwa kuhakiki.

Tatizo halianzi wala kuishia kwetu. Kitabu maarufu kuliko vyote kuhusu matunzo ya pikipiki, Zen and the Art of Motorcycle Maintenance cha Robert Pirsig, kilichotoka mwaka 1974, kina mengi ya maana kuhusu mtu anayeielewa injini yake na rafiki yake John asiyetaka hata kuigusa. Lakini mwanamke aliye safarini humo, Sylvia, anasafiri nyuma ya mumewe. Mwandishi anajali sana uhusiano wa fundi na chombo. Uhusiano wa chombo na mtu mwingine atakayekitumia fundi akiwa hayupo haumshughulishi hivyo. Nilipokisoma niliwaza swali dogo la kizamani: kama Sylvia angepewa usukani, kiti kingeshushwa?

Changu kilishushwa. Sifongo ya kiti ilikatwa, mkono wa klachi ukasogezwa karibu na vidole vyangu, na mimi ndiye niliyekaa juu yake huku yeye akipima kwa macho, akakosea, akapima tena. Stendi za ubavuni ziko mbili, kulia na kushoto, kama zilivyotoka kiwandani, nami naegesha kwenye mteremko wowote. Kibebeo cha mbele kinachukua madaftari ya darasa zima. Leseni ya daraja A ninayo. Polisi aliyenisimamisha mara ya kwanza aliuliza mwenye pikipiki yuko wapi, akaisoma, akaniita "Madamu", akaniacha.

Kiki bado ni ngumu. Asubuhi za mvua napiga mara sita au saba, na mara moja ilirudi ikanipiga mguuni. Yeye huiwasha kwa mpigo mmoja na haoni tatizo liko wapi. Nimemwambia tatizo ni kwamba anaijaribu kwa mguu wake. Jumapili hii tunafungua kabureta; yeye atashika taa, na spana nitashika mimi.