Mchoraji Asiye na Bwana

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumapili, mzee mmoja wa mtaa wetu alitungoja chini ya mwembe wa shule, kofia mkononi. Mwanawe amemaliza darasa la saba, naye hataki kwenda kujifunza useremala kama ilivyopangwa. Ataka kuwa mchoraji wa picha. Mzee akatuuliza, "Mwalimu, hiyo ni kazi au ni mchezo? Nani atamlipa?" Kijana yule tulimjua sana. Madaftari yake ya hesabu yalijaa ng'ombe na majogoo, na hata wazee wa kanisa wakisinzia wakati wa mahubiri. Nasi twakiri kwamba tulimwadhibu kwa ajili ya picha hizo, ijapokuwa tulizitazama mara mbili kabla ya kumwadhibu. Siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwomba mzee atupe muda wa kufikiri, na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyafikiri. Twayatoa mbele ya wasomaji wote, kwa maana hapana shaka nyumba nyingine nazo zina mtoto wa namna hii.

Neno la mzee, "nani atamlipa," ndilo lenye uzito. Mwalimu ana bwana wake, karani ana wake, na mpishi ana wake. Mchoraji ajitegemeaye hana. Watu hudhani kwamba asiye na bwana ana raha, aamka apendapo na kulala apendapo. Twaona sivyo hata kidogo. Mwenye mshahara huulizwa na mtu mmoja. Asiye na mshahara huulizwa na mwenye duka la rangi, na mwenye chumba, na jamaa zake waliomkopesha, na kila mpita njia asimamaye mbele ya picha zake, akauliza bei, akaenda zake. Tena hununua rangi kwanza, ndipo atumaini. Wasomaji wanamkumbuka Bezaleli, fundi wa hema katika kitabu cha Kutoka: watu walimletea vitu vingi mno hata ikapigwa mbiu kambini waache kuleta. Mafundi wa siku zetu hawajaiona mbiu ya namna hiyo.

Basi tumtazame mtu ambaye jina lake limekuwa jina la kazi yenyewe. Edward Said Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakusomeshwa uchoraji na mwalimu ye yote. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, na kazi zile zilipokoma akahangaika huku na huku kama wengi wahangaikavyo mjini. Ilikuwa yapata mwaka 1968 alipoanza kuchora. Husimuliwa kwamba aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa mjini, akajisemea kuwa naye aweza. Hakuwa na turubai wala rangi za mafundi wa Ulaya. Alitwaa vipande vya hadibodi, ambazo ni mbao nyembamba za kufungia dari, akavikata mraba, akanunua rangi zenye kung'aa za kupaka baiskeli na milango. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, huko Oyster Bay, mahali ambapo wageni wenye fedha walikuja kununua vyakula vyao.

Wako waliosema kwamba picha zile ni michoro ya kitoto. Sisi twaomba msomaji atazame moja kwa utulivu kabla ya kukubali. Mnyama ni mmoja, chui au tembo au ndege mkubwa, naye amelijaza bao zima hata mkia wake hukunjwa upate nafasi. Nyuma yake hapana mlima wala mbingu ya mbali; pana rangi moja, au mbili, tena kavu kama ukuta. Kivuli hakuna. Mtu atasema kuwa mchoraji hakujua kutia kivuli. Huenda, lakini rangi ya baiskeli nayo haipendi kuchanganywa polepole kama ipendavyo rangi ya msanii wa Ulaya. Yataka ipakwe, iachwe ikauke, kisha nyingine ije juu yake. Fundi mwenye akili huacha kushindana na chombo chake. Tingatinga aliyaacha yale ambayo rangi yake haikuyaweza, akatia nguvu zake zote katika umbo na madoa na jicho. Na jicho lile! Chui wake hatazami windo. Anamtazama yule aliyemnunua. Umaskini wa duka la rangi umegeuzwa kuwa adabu ya picha, na hili mtoto haliwezi.

Alipoona kwamba picha zanunuliwa, hakuificha elimu yake. Aliwaita jamaa zake na vijana wa kwao, miongoni mwao January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata, wakakaa naye, wakajifunza kwa kutazama na kufuata mkono wake, kama mhunzi afundishavyo mwana wa nduguye. Twamsifu kwa hili kuliko kwa picha zenyewe. Walakini siku zake zilikuwa chache. Mwaka 1972, katika Dar es Salaam, polisi waliokuwa wakiwafukuza wahalifu walidhani gari alilokuwamo ni la wale waliokuwa wakitafutwa, wakapiga risasi, akafa. Alikuwa amechora miaka minne hivi. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea pamoja, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kiliandikishwa. Watu wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kazi aliyoianzisha mtu mmoja kwa makopo machache ya rangi.

Hapo ndipo sifa yetu inapokutana na lawama. Kumfuata mwalimu si kosa. Asiyeiga hajifunzi, nasi walimu twalijua neno hili kuliko wengine. Lakini picha nyingi zilizouzwa zikiwa na jina la E. S. Tingatinga hazikutoka mkononi mwake. Kuandika jina la marehemu juu ya kazi ya asubuhi hii ni ushahidi wa uongo, hata kama chui ni mzuri na watoto wa mchoraji wana njaa. Na liko kosa la pili, lisiloitwa wizi, ambalo latusikitisha zaidi: mtu kuchora chui yule yule miaka thelathini, kwa jina lake mwenyewe, bila kumtazama tena. Mkono wake umekuwa kalibu ya matofali.

Tuliandika sentensi hiyo, kisha tukataka kuifuta, kwa sababu si haki kumwachia mchoraji peke yake lawama. Ni nani mnunuzi wake? Ni mgeni wa juma moja, aliyekwisha kuona chui katika picha za rafiki yake, naye ataka wa namna hiyo hiyo. Mgeni huyo hatarudi mwakani kusema, "Ndugu, ile ya kwanza ilikuwa bora." Hana habari ya ugomvi wa mtaani wala njaa ya mwaka juzi, wala hataki kuzitundika ukutani kwake. Mchoraji na mnunuzi hawana la kuzungumza ila bei. Katika hali hiyo, kazi ikibaki pale pale, tusistaajabu sana.

Twende sasa Kongo, tulikosikia kwamba zilitoka picha zilizomwamsha Tingatinga. Katika mji wa Lubumbashi, penye migodi ya shaba, palikuwa na mchoraji jina lake Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Naye hakuwa na bwana. Alichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, akazunguka na picha zake akiwauzia watu wa mji ule ule: makarani, wafanyakazi wa migodi, watu wa mshahara mdogo waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Picha waliyoipenda sana ni ile iitwayo kwa Kifaransa Colonie Belge, yaani koloni la Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga mjeledi, na mtawala Mzungu amesimama akitazama. Msomaji atauliza, mtu aweka jambo la uchungu namna hiyo juu ya kiti cha wageni? Wao waliweka. Baba akiulizwa na mtoto, "Huyu nani?" alikuwa na la kusimulia.

Yapata mwisho wa mwaka 1973 Tshibumba alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu pale, akamwambia kwamba aweza kuchora historia yote ya nchi yake. Katika mwaka 1974 alileta picha mia na zaidi, tangu siku za zamani mpaka siku zake mwenyewe, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Shaba. Kiswahili kile si kama chetu, walakini asikilizaye kwa subira atakielewa. Hakujiita fundi wa mapambo. Alijihesabu kuwa mwandishi wa historia, ila kalamu yake ni brashi. Fabian alizitoa picha hizo na maneno hayo katika kitabu mwaka 1996, na picha zenyewe zimewekwa Amsterdam. Tshibumba hakukiona kitabu hicho, kwa kadiri ijulikanavyo, kwa maana tangu miaka ya mwanzo ya 1980 habari zake zilipotea.

Katika picha hizo iko moja ambayo Mkristo hawezi kuipita upesi. Ni ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Watatu hao wamelala wamekufa, na kwa mbali, juu ya kilima, imesimama misalaba mitatu. Tulipoiona mara ya kwanza katika kitabu tulichukizwa. Ni halali kumweka mwanasiasa chini ya Kalvari? Tuliizungumza na walimu wenzetu jioni nzima, na hatukupatana. Mmoja alisema ni kufuru. Sisi tuliishia kuona hivi: mchoraji hakusema kwamba mtu huyu ni Mwokozi, alisema kwamba watu waliomlilia hawakuwa na picha nyingine ya mwenye haki aliyeuawa ila ile waliyofundishwa kanisani, akawapa hiyo. Tena aliichora wakati wa utawala wa Mobutu, ambapo si kila picha ingeweza kutundikwa bila hofu. Twaweza kuukataa uamuzi wake, lakini hatuwezi kusema kwamba mkono ule ulikuwa umelala.

Mikono ya watu hawa wawili, kwa kweli, haikupitana sana. Kama tukipima ustadi tu, twamweka Tingatinga mbele; watu wa Tshibumba mara nyingi ni wagumu kama sanamu za mbao, na maandishi yake yamebanwa pembeni. Tofauti kubwa yatoka kwa wale waliokuwa wakinunua. Mmoja aliwauzia wapitao, mwingine aliwauzia majirani, na majirani huuliza maswali.

Sasa tujitazame wenyewe. Katika nyumba zetu za hapa kijijini kuna picha gani? Tulihesabu katika nyumba tulizozitembelea wiki mbili hizi: kalenda za maduka, picha za wachezaji wa mpira, picha za arusi, na Bwana Yesu mwenye nywele za kahawia aliyepigwa chapa mbali. Picha iliyochorwa na mtu tumjuaye hatukuiona hata moja. Tena tuna deni la zamani. Miaka kadhaa iliyopita shule moja tuliyofundisha ilimwita kijana fundi wa kuandika vibao, achore ramani na wanyama ukutani. Alifanya kazi siku tisa. Tulimpa chakula, tukampigia makofi mbele ya wazazi, na rangi alizonunua kwa fedha yake hazikulipwa mpaka leo. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Baadaye tulisikia kwamba amekwenda mjini kuuza viatu, tukasema, "Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu."

Jumatano tulimwita mzee pamoja na mwanawe. Tulimwambia, "Mzee, ni kazi, lakini haina mwisho wa mwezi." Tulimwambia kijana awe na daftari la mapato na gharama, maana rangi inayonunuliwa kwa fedha ya unga huleta ugomvi nyumbani, akae mwaka mmoja kwa seremala, apate kujikatia mbao na fremu, na kila kazi yake, nzuri na mbaya, aitie jina lake mwenyewe. Kisha tukamwagiza picha ya shule: siku kilipochimbwa kisima cha kijiji, kwa sababu wengi waliokuwapo wameanza kututoka. Tukamwuliza bei. Akaitaja kwa sauti ndogo. Tuliiona kubwa kidogo, tukatoa nusu yake pale pale.

Kijana akazikunja zile noti, akafikiri, halafu akatuuliza kama awachore na wale wazee waliokaa kivulini siku ile wakati wenzao wakichimba. Hatukujua tuseme nini, kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wao. Mzee alitazama kofia yake muda mrefu.

"Wachore," akasema.