Kuazima Nafsi: Mitindo ya Lugha katika Tungo za Kuigiza

Watoto wanapocheza kibaba na kimama chini ya mwembe hawahitaji kufundishwa kwamba baba hasemi kama mama, wala mgeni kama mwenyeji. Aliyepewa ubaba hukohoa kwanza, akaketi juu ya kigogo, ndipo aulize chakula kiko wapi. Aliyepewa uganga hunena maneno yasiyoeleweka na kudai kuku mweusi. Jambo la kusikitisha ni kwamba watoto hao hao, wakiisha kufika kidato cha tatu na kutakiwa waandike mchezo, husahau yote waliyoyajua chini ya mwembe. Baba, mganga, karani na mwizi, wote huzungumza Kiswahili kimoja, nacho ni kile cha insha ya mtihani. Makala haya yanadai kwamba kujaribu mitindo mbalimbali ya lugha katika tungo za kuigiza si pambo la fani tu. Mhusika aliyenyimwa lugha yake amenyimwa na hoja yake pia.

Hatuna budi kuanzia kwenye ngonjera, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa jukwaa la kwanza la wengi wetu. Mathias Mnyampala, ambaye Ngonjera za UKUTA zake zilitolewa mwaka 1970 na 1971, alitupatia chombo chepesi kubebeka: watu wawili au zaidi wanabishana kwa beti, na mwishoni asiyejua anakubali kufunzwa na ajuaye. Chombo hicho kilifaa kazi yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yalikuwapo mengi ya kuelezwa upesi kwa watu wengi, na ubeti wenye vina hukaa kichwani kuliko hotuba. Lakini tukiitazama ngonjera kama zoezi la kuazima nafsi ya mtu mwingine, twaona kwamba wahusika wote hupewa bahari moja ya ushairi, mizani ile ile na msamiati ule ule, kiasi kwamba ukifuta majina yao huwezi kujua nani kasema nini. Zaidi ya hayo, mpinzani huletwa jukwaani ili ashindwe. Mtunzi hakuazima nafsi yake; ameazima kofia yake tu.

Fanani wa ngano hakufanya hivyo. Husimulia peke yake, lakini Sungura wake husema upesi na kwa hila, Fisi wake husemea puani kwa uroho, na hadhira haihitaji kuambiwa zamu ni ya nani. Ebrahim Hussein aliurudia ufundi huo kwa makusudi katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, zilizochapishwa pamoja mwaka 1976, ambamo msimulizi mmoja anabeba mchezo mzima. Penina Muhando naye alimweka Bi Msimulizi katika Nguzo Mama (1982).

Hata hivyo, kwa somo letu tamthilia mbili za awali za Hussein zina manufaa zaidi. Katika Kinjeketile (1969), mhusika mkuu anapopandwa na Hongo hunena kwa lugha isiyo yake, lugha ya utabiri isiyokubali swali. Akizinduka, akaelezwa aliyoyatamka, anashtuka na kuyatilia shaka maneno ya kinywa chake mwenyewe. Mgogoro wote wa mtu huyo umo katika pengo lililopo baina ya mitindo miwili ya kusema. Laiti mtunzi angemwandikia mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, tungebaki na shujaa wa kumbukumbu za Vita vya Maji Maji, lakini mtu mwenye mashaka tungemkosa. Katika Mashetani (1971) jambo hilo limefikishwa mbali zaidi, kwani vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo ndani ya mchezo, mmoja akiwa shetani na mwingine binadamu. Lugha ya mchezo wao ni ya mafumbo na ya kutisha. Lugha ya nyumbani kwa wazazi ni ya kawaida. Kitaru anatoka mchezoni akiwa mgonjwa wa nafsi. Walimu wanaolalamika kwamba kitabu hiki ni kigumu wanasema kweli, lakini mara nyingi ugumu wenyewe hutokana na kusoma sehemu zote kwa sauti moja.

Ipo hatari upande wa pili nayo, na tumeizoea mno katika vichekesho: kudhani kwamba kumpa mhusika lugha yake ni kuigiza matamshi ya kabila lake ili watu wacheke. Huko ni kumvua mtu nguo, si kuazima nafsi yake.

Mwaka mmoja, katika shule ya bweni, niliwapa wanafunzi zoezi la kuandika wawili wawili, daftari likienda na kurudi. Mmoja alikuwa bwana shamba anayeleta mbegu mpya ya mahindi, mwenzake mzee asiyeitaka. Kwanza waliandika kwa ngonjera, na kufikia ubeti wa sita mzee alikwisha kukubali na kushukuru. Niliwataka waandike tena kwa maneno ya barazani, mzee aruhusiwe kunyamaza, kuuliza na kupiga hadithi. Kijana aliyekuwa mzee alikuwa mtoto wa mkulima. Aliandika hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza. Mbegu yako naijua. Ilizaa kuliko yetu, sikatai. Tukaiweka ghalani. Kufika Januari tukawa twapepeta unga wa dumuzi. Wewe mwaka huo ulikula wapi?"

Mwenzake alikaa na daftari siku nne. Alimwendea mwalimu wa kilimo akauliza habari za maganda mafupi yasiyofunika ncha ya gunzi, za kupukuchua na kukausha, za dawa ya ghala na bei yake. Mambo ambayo ngonjera haikuwa imemdai hata moja. Mimi nami nilitatizika, kwa maana mwongozo wa kusahihisha ulitaka "ujumbe ulio wazi," na sikuweza tena kusema ni nani kati ya wawili hao aliyekuwa na ujumbe. Daftari liliporudi, baada ya mistari mingi iliyofutwa, bwana shamba alikuwa ameandikiwa jibu moja tu:

"Mzee, naomba unionyeshe hilo ghala."