Direkti inatupa mabanga bule

Minafuata direkti za vijana wetu wa Masisi na Walikale kwenye Facebook. Sauti wanazo, gitaa inalia muzuri. Hesabu njo mubaya. Wanangojea nyota, na nyota moja inamletea mwimbaji senti 1 ya dola: nyota 500 ni dola 5. Mega na mafuta ya jenereta vinaweza kumeza zote.

Na kila anayeandika salamu anatajwa jina bule! Wakubwa wa Kinshasa wamekula kwa libanga miaka mingi: jina ndani ya wimbo linalipiwa. Direkti nayo iuze libanga. Ndugu wa Kampala ama Bruxelles atume makuta kwanza, kisha atajwe. Lakini majina yakae katikati ya nyimbo. Yakipanda juu ya sauti, muziki unakufa, na mutu hatarudi kulipa.

Tena, taja jina la utani na Nyabiondo ama Mubi, basi. Kiasi kisisemwe, wazazi wasitajwe. Wamebaki kule, na wenye bunduki nao wanaangalia simu.